Kabla Hujang'oa Kisiki: Kuvu za Ardhini na Miombo ya Unyamwezi

Hotuba iliyotolewa Tabora mjini mbele ya wafuga nyuki, wakulima wa tumbaku, watunza vitalu vya miche na walimu wa sayansi. Imeandikwa kutoka kwenye kinasa sauti na kupunguzwa kidogo.

Mwangaluka!

Asanteni. Wazee wangu, akina mama, vijana, na walimu mlioacha madarasa: nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameahidi kunigongea meza nikizidisha. Salamu ziishie hapo.

Naanza na swali. Ukitoka hapa kwenda Sikonge, ukasimama popote penye pori lililosalia, ukaanza kuhesabu miti mikubwa, utahesabu nini? Mtundu, myombo, muba. Unasogea kidogo: mtundu tena, muba tena. Vichaka na nyasi viko vya aina nyingi, wala sibishi, lakini kwa miti mikubwa pori letu liko mikononi mwa koo tatu: Brachystegia, ambako ndiko waliko mtundu na myombo; Julbernardia, ambako yuko muba; na Isoberlinia. Wala si Tabora peke yake. Miombo inaanzia Angola, inapita Zambia, kusini mwa Kongo, Zimbabwe, Malawi na Msumbiji mpaka hapa kwetu, eneo ambalo kabla ya kukatwa lilikadiriwa kufika kilomita za mraba milioni 2.7, na kote huko wanaotawala ni ndugu hao hao. Kwa nini wao?

Najua jibu la haraka: udongo maskini, kiangazi kirefu, moto. Ni kweli. Lakini mninga nao unavumilia udongo huo, kiangazi hicho na moto huo. Mbona wenyewe unakaa mmoja hapa, mwingine kule, haujawahi kujaza pori?

Jibu nililokuja nalo liko sentimita chache chini ya majani makavu. Mvua zikishashika, nenda chini ya mtundu, fukua majani yaliyooza, shika mzizi mwembamba kabisa uufuate mpaka nchani. Utakuta vincha vifupi, vimevimba kidogo, butu, vingine vyeupe, vingine vya njano au kahawia. Vinyweleo vya mzizi tulivyochora shuleni hutaviona. Kilichofunika ncha ile ni kuvu, na haiumwi na kitu.

Nasisitiza haiumwi kwa sababu mtu akisikia fangasi anafikiria vidole vya miguu, au sumukuvu kwenye mahindi ya ghalani. Hata wasomi walifikiri hivyo. Mwaka 1885 Albert Bernhard Frank, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyekuwa amepewa kazi ya kutafuta namna ya kulima uyoga fulani wa chini ya ardhi wenye bei kubwa, aliona mizizi ya miti ya msituni imevikwa kuvu huku miti yenyewe ikistawi. Akasema hawa ni washirika, akauita ushirika huo mikoriza. Alibishiwa sana, na ule uyoga aliotumwa hakufanikiwa kuulima.

Sasa nivumilieni, maana ushirika huu una namna mbili kubwa, na bila kuzitofautisha mengine yote hayataeleweka.

Ya kwanza ni mikoriza ya nje. Kuvu inaivika ncha ya mzizi ala, kisha inapenya katikati ya seli bila kuingia ndani ya seli zenyewe. Hiyo ndiyo ya mtundu, myombo, muba, mkusu na mkongo. Na ndiyo inayotoa uyoga. Ule wa njano, na aina nyingi ambazo akina mama wanazipanga kwenye ndoo na sahani kando ya barabara mvua zikianza, ni matunda ya kuvu iliyoshikana na mizizi ya miti hiyo. Ndiyo maana huwezi kuuotesha kwenye mifuko ya pumba kama uyoga wa mjini. Miti ikikatwa ikaisha, na wenyewe unaondoka. Ule mkubwa wa kwenye vichuguu msiuchanganye humu. Ule unalimwa na mchwa, na habari zake ni tamu kweli kweli, lakini naona mwenyekiti ameshaanza kuniangalia.

Ya pili ni mikoriza ya ndani. Hii inaingia ndani ya seli za mzizi na kuchanua humo vitawi vidogo vidogo vinavyoishi siku chache, vikifa vinatoka vingine. Haina uyoga. Kwa macho huioni. Inataka rangi na hadubini. Lakini ndiyo ya zamani zaidi: kwenye mimea iliyogeuka mawe huko Rhynie, Uskoti, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 400, kuvu hii imeshakutwa ndani. Leo karibu asilimia 70 ya aina za mimea duniani inaitegemea, na ile ya nje ni kama asilimia 2 tu. Mahindi, mtama, karanga, muhogo, tumbaku, miembe ya mji huu, migunga ya mbugani, na huyo mninga wetu, wote ni wa mikoriza ya ndani. Kabichi haina kabisa.

Asilimia 2 ya aina za mimea, na ndiyo iliyoshika pori lote hili! Hapo ndipo pa kusimama.

Ardhi ya miombo imeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno. Fosforasi kidogo iliyobaki imeng'ang'aniwa na chuma na alumini, hasa kwenye udongo mwekundu. Haitembei kumfuata mzizi, na udongo ukikauka ndiyo kabisa. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita chache kuuzunguka, umefika mwisho. Nyuzi za kuvu ni nyembamba kuliko kinyweleo chochote cha mzizi, zinapita kwenye matundu ambayo mzizi hauwezi kupita, na zinafika mbali. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kubeba mita kadhaa za nyuzi hizo. Zinaleta fosforasi, naitrojeni na maji kiasi, nao mti unalipa kwa sukari iliyotengenezwa na majani.

Walimu wa biolojia watanikumbusha kwamba mtundu na muba ni jamii ya mikunde, kwa hiyo naitrojeni zinajipatia zenyewe hewani kwa msaada wa bakteria. Fukueni mizizi yake mtafute vinundu wanamokaa bakteria hao. Hamtavipata. Mninga unavyo, mgunga unavyo, lakini wakubwa wa miombo hawana. Msweden mmoja, Peter Högberg, alizunguka akichunguza mizizi ya miti ya misitu ya Tanzania, akachapisha matokeo mwaka 1982, na alichokiona ni hiki: pale udongo ulipo maskini zaidi wanatawala wa mikoriza ya nje wasio na vinundu, wenye vinundu na mikoriza ya ndani wanashamiri kwingine. Sababu inayoaminika ni kwamba kuvu za nje, nyingi zake, zinaweza kuchokonoa naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye majani yaliyooza kabla hayajamalizika kuoza. Mali ya mtundu inamrudia mtundu, wengine wanabaki kuangalia.

Na watoto? Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walichapisha kazi yao kuhusu aina 55 za miti. Miche ya miti ya mikoriza ya ndani ilidhoofika kwenye udongo wa chini ya mti wa aina yake, kwa sababu wadudu na magonjwa ya ukoo huo yamejaa pale. Miche ya mikoriza ya nje ilifanya kinyume: ilipendelea kukua karibu na mzazi, kwa kuwa inakuta kuvu tayari, na ile ala inasaidia kuukinga mzizi. Kanada kuna theluji, sitawaambia kwamba ni Sikonge. Lakini mtu akiniuliza kwa nini mtundu unazaa mtundu pembeni yake na mninga unatawanyika, sina maelezo mengine yanayonikaa vizuri zaidi ya haya.

Tembeeni na mimi sasa kutoka mlimani kushuka mbugani. Wazee hawahitaji kufundishwa hili: juu udongo mwekundu au kichanga chenye miombo, chini yake mteremko wa kijivu, na mwisho kabisa mbuga yenyewe, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunasa magari masika. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha Amani kule Usambara, alikuja na jina la mpangilio huu, katena, na wanasayansi wa udongo dunia nzima wakalichukua. Lilizaliwa kwenye vilima na mabonde ya Afrika Mashariki. Yeye alikuwa anaangalia udongo. Ukiangalia mizizi, mpangilio ni huo huo: juu ni ufalme wa mikoriza ya nje, ukishuka kwenye migunga na nyasi umeingia nchi ya mikoriza ya ndani, na kwenye majaruba ya mpunga yaliyojaa maji hata hiyo ya ndani inapungua, kwa sababu kuvu nayo inataka hewa. Mti haupandi mlima wala haushuki mbugani kwa kupenda. Unakwenda ambako mshirika wake anaweza kuishi.

Kiangazi je? Miezi sita bila tone, kuvu hizi zinakwenda wapi? Haziendi popote. Mwaka 1989 kundi la watafiti wa Australia Magharibi, nchi yenye kiangazi kikali kama chetu, lilionyesha kwamba nyuzi za mikoriza ya ndani hubaki hai kwenye udongo mkavu kabisa na kushika mizizi mipya mvua ikinyesha, mradi udongo haukuvurugwa. Ukivurugwa ukiwa mkavu, uwezo huo unapotea. Kwa hiyo plau linalopita Septemba linafanya kazi mbili, na moja wapo mkulima hakuiagiza. Kule Queensland walijifunza jingine: shamba lililoachwa tupu muda mrefu, bila hata jani moja, zao linalofuata linadumaa kwa kukosa fosforasi na zinki ingawa zimo ardhini, maana kuvu za kuzileta zimekufa kwa njaa. Shamba lililopumzishwa likiwa na majani na vichaka ni kitu kingine. Wazazi wetu waliposema shamba limelala hawakumaanisha limefagiliwa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu linawahusu wote wanaolima mahindi na mtama. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao.

Kila mtu anaijua ile mimea mizuri yenye maua inayotokea shamba likichoka, na mahindi yanayoinama kana kwamba yana kiu wakati mvua imenyesha jana. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi, mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Haziamki ovyo. Zinasubiri kemikali inayotoka kwenye mzizi wa mmea wa kunyonywa. Kemikali ya aina hiyo ilipatikana mara ya kwanza mwaka 1966 kwenye mizizi ya pamba, na kwa karibu miaka 40 watu walibaki wanajiuliza: mmea gani mwenye akili anatoa harufu ya kumwita anayekuja kumuua?

Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake wa Japani wakapata jibu. Haikuwa ya kiduha hata kidogo. Ni wito wa mmea kwa kuvu. Mzizi ukikosa fosforasi unaitoa kemikali ile, nyuzi za kuvu zinaihisi, zinaanza kuchanua matawi na kuutafuta mzizi. Kiduha amejifunza kusikiliza, kama kibaka wa stendi anayekaa jirani na mtu anayetaja kwa sauti kwenye simu kiasi cha fedha alichobeba.

Ukilielewa hilo, mambo mengi ya shambani yanajipanga. Kwa nini kiduha kinapenda shamba lililochoka? Kwa sababu mahindi yenye njaa ya fosforasi yanaita kwa nguvu zaidi. Kwa nini samadi na mbolea hukipunguza? Kwa sababu mmea ulioshiba unaita kidogo. Na mmea ambao kuvu yake imeshafika nao hunyamaza: majaribio ya mtama na mahindi huko Kameruni yalionyesha kiduha kinapungua pale mizizi ilipopewa kuvu mapema. Sisemi kuvu pekee itamaliza kiduha cha Nzega na Igunga. Kung'oa kabla hakijatoa maua kunabaki, kupanda mikunde kwa zamu kunabaki. Nasema tu kwamba anayelima miaka mingi mfululizo zao lile lile kwenye shamba lisilo na kitu kiangazi kizima anamfukuza mgeni rasmi na kumbakisha kibaka.

Lakini msinielewe vibaya mkaondoka hapa mkidhani kuvu ni malaika. Kuna maandishi mengi siku hizi yanayosema miti inaongea, mama analisha watoto kwa nyuzi, msitu ni familia moja. Yanavutia kusoma. Ushahidi wa porini ni mdogo kuliko sauti ya wanaosema, na wapo wanasayansi wa fani hiyo hiyo waliojitokeza mwaka 2023 kusema hivyo wazi. Kuvu ina maslahi yake. Mwaka 1998 majaribio ya Uswisi na Kanada yalionyesha kwamba kadiri aina za kuvu zinavyoongezeka kwenye udongo, mpaka 14, ndivyo mimea ya aina nyingi inavyoweza kukaa pamoja. Mwaka uliofuata kwenye nyika za Kansas, Marekani, watafiti waliua kuvu kwa dawa, na aina za mimea zikaongezeka! Kule nyasi kubwa zinazotawala ndizo zinazotegemea kuvu zaidi. Ziliponyang'anywa mshirika zikalegea, wadogo wakapata nafasi. Kuvu inawabeba wanaoishi nayo. Kama wanaoishi nayo ni wadogo, utaona bustani ya kila aina. Kama ni wakubwa, utaona utawala wa wachache. Miombo yetu, kwa miti mikubwa, iko upande wa Kansas.

Sasa tumbaku. Sikuja kuwagombeza, nusu ya waliokaa hapa wamesomeshwa na tumbaku, na mimi ni mmoja wao. Tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni, mabani, yaani majengo ya kuikaushia, hayajajaa pasipo pori kupungua, hilo mnalijua na sheria zake mnazijua. Ninalotaka kulisema ni la baada ya kukata. Mtundu uliokatwa haufi. Unachipua kisikini na mizizini, na mizizi hiyo bado imevaa kuvu yake. Miombo mingi tunayoiona leo kando ya Urambo na Kaliua imekwishakatwa zamani ikarudi kwa njia hiyo. Kisichorudi ni pale visiki viling'olewa kwa trekta, shamba likalimwa miaka mingi kwa mazao ya mikoriza ya ndani. Hapo kuvu za nje zimekosa mwenyeji, na mbegu ya mtundu ikianguka inaota peke yake. Kinachokuja pale ni vichaka vya mikoriza ya ndani. Vina faida zake, mbuzi watashukuru, lakini nyuki hawatapata ua la mtundu.

Wenzetu wa Dodoma wana kampeni inayoitwa Kisiki Hai: unachagua kisiki, unabakiza machipukizi machache, unapogoa. Majirani zetu Wasukuma wana ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa yapumzike, na ule mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 ulirudisha malaki ya hekta zaidi kwa kutenga na kulinda kuliko kwa kupanda. Sehemu kubwa ya kule ni migunga, ambayo haichagui sana kuvu. Kwetu wenye miombo kisiki kina uzito zaidi, maana kukipoteza ni kupoteza mti na mshirika wake kwa pigo moja.

Naona mkono wa mwenyekiti uko juu ya meza. Maswali.

Mzee mmoja mfuga nyuki aliuliza: mtundu unatoa majani mekundu na maua Septemba, ardhi kavu kama jiwe, maji unayatoa wapi?

Shikamoo mzee. Chini sana, mizizi yake mirefu inafika palipo na unyevu, na pia mti wenyewe una akiba. Lakini kuna jambo la kushangaza lililopimwa California mwaka 2003 kwenye mialoni ya huko, ambayo nayo ni ya mikoriza ya nje. Usiku, majani yakiacha kupoteza maji, mizizi mirefu inapandisha maji kutoka chini na kuyaachia kwenye mizizi ya juu iliyo kwenye udongo mkavu, na yakaonekana yameingia mpaka kwenye nyuzi za kuvu. Yaani kiangazi mti ndio unaoinywesha kuvu. Kama mtundu unafanya hivyo hivyo, ningependa sana kijana mmoja wa hapa aende akapime.

Mama mwenye kitalu aliuliza: miche yangu ya mtundu inakuwa ya njano kwenye viriba, na kuna watu wanauza kuvu za pakiti. Ninunue?

Pakiti usinunue, mama yangu. Nyingi zina kuvu za ndani, ambazo mtundu hauzitaki, na zilipopimwa katika nchi kadhaa, nyingi hazikuwa na kitu hai. Misonobari ilipoletwa Afrika ilidumaa vitaluni namna hiyo hiyo mpaka ilipochanganyiwa udongo wenye kuvu zake. Fanya vivyo hivyo: mvua zikishika, chukua udongo wa juu pamoja na majani yaliyooza chini ya mtundu wenye afya, usiuanike juani, changanya kidogo kwenye kila kiriba. Kisha uwe na subira, kwa sababu mtundu wa mbegu unatumia miaka ya kwanza kushusha mzizi. Kichwa kinaweza kufa kiangazi na kuchipua tena, mara nyingi tu. Na kama shambani kwako kuna visiki vinavyochipua, anza na hivyo: acha machipukizi mawili kwa kila kisiki, mengine pogoa. Viriba vyako vipandie miembe.